Herufi kwa Macho ya Nani? Uhakiki wa Mipaka ya Herufi katika Kiwango cha Unicode kwa Kuzingatia Maandishi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki dhana ya herufi kama inavyotambuliwa na mtumiaji, ambayo ndiyo msingi wa Kiambatisho Namba 29 cha Kiwango cha Unicode kuhusu ukataji wa matini katika programu za kompyuta. Yanakubali kwamba kanuni za kiambatisho hicho zimeondoa makosa mengi yaliyotokana na kuhesabu namba za msimbo badala ya herufi. Hata hivyo, yanadai kwamba jina la dhana hiyo linaahidi zaidi ya kile ambacho kanuni zenyewe zinatimiza, kwa kuwa linamchukulia mtumiaji kana kwamba ana tendo moja tu. Kwa kutumia mifano ya ritifaa katika ng', mizani ya ushairi na maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, makala yanaonyesha kwamba msomaji yuleyule huona mipaka tofauti kulingana na kile anachokifanya. Yanapendekeza kutenganishwa kwa tabaka tatu: uhariri, tahajia na silabi.

1.0 Utangulizi

Swali la idadi ya herufi katika neno huonekana jepesi hadi litakapoulizwa kwa neno mahususi. Kwa neno ng'ombe, kompyuta itajibu saba: n, g, ritifaa, o, m, b na e. Mwalimu wa madarasa ya awali anayefundisha ng' kuwa herufi moja yenye sauti moja atajibu tano. Mwanafonolojia anayeichukulia mb kuwa konsonanti moja yenye unazali mwanzoni atajibu nne. Mshairi, ambaye kipimo chake ni mizani, atajibu mbili. Hakuna aliyekosea hesabu, kwani kila mmoja amehesabu kitu chake.

Tatizo huanza pale jibu moja kati ya hayo linapoingizwa katika chombo ambacho wote wanne wanakitegemea. Kiwango cha Unicode, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ndicho msingi wa maandishi katika simu na kompyuta za leo. Kiambatisho chake Namba 29 kinaeleza jinsi ya kupata mipaka ya herufi, maneno na sentensi ndani ya mfuatano wa maandishi. Kila mara kielekezi kinaporuka kutoka herufi moja hadi nyingine, au programu inapokata ujumbe mrefu, kanuni za kiambatisho hicho au za mtangulizi wake dhaifu zinafanya kazi chini kwa chini.

Suala hili kwa kawaida huachiwa wahandisi. Hata hivyo, herufi ni nini, na nani anaitambua, ni maswali ya isimu kabla hayajawa ya uhandisi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanakisoma kiambatisho hicho kama matini ya kinadharia yenye dai kuhusu lugha, na kulipima dai hilo kwa Kiswahili.

2.0 Kile ambacho Kanuni Zimekitatua

Uhakiki wa haki huanza na sifa. Kompyuta haihifadhi herufi bali namba, na kila namba ya msimbo huwakilisha alama moja. Herufi moja machoni mwa msomaji inaweza kuundwa kwa namba mbili au zaidi. Kiambatisho kinaita mkusanyiko wa namba hizo kwa istilahi ambayo hapa itafasiriwa kuwa kishada cha grafimu, na kinatoa kanuni za kuamua mahali ambapo kishada kimoja huishia na kingine huanzia.

Mfano wa karibu ni jozi maarufu katika mafunzo ya mkazo wa Kiswahili: barabára (njia) na barábara (sawasawa). Herufi yenye alama ya mkazo inaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni namba moja inayobeba a na mkazo wake kwa pamoja. Ya pili ni namba mbili, moja ya a na nyingine ya mkazo unaoambatana nayo. Kwa njia ya kwanza neno barabára lina namba 8, na kwa njia ya pili lina namba 9, ingawa kwenye karatasi hakuna tofauti. Programu inayohesabu namba itatoa majibu mawili kwa neno moja. Mbaya zaidi, ikiamriwa kukata neno la aina ya pili baada ya namba ya sita, itaacha baraba upande mmoja na kuutupa mkazo upande wa pili, ambako utaidandia alama yoyote itakayotangulia mbele yake. Kanuni za vishada huzuia hilo, kwa kuwa alama inayoambatana haitenganishwi na herufi inayoibeba. Kwa njia zote mbili hesabu ni 8.

Bendera za emoji zinaonyesha ukubwa wa hatari hiyo. Bendera ya Kenya huhifadhiwa kwa alama mbili maalumu za K na E, na ya Tanzania kwa alama za T na Z. Zikiandikwa kwa kufuatana, kompyuta ina mfuatano wa K, E, T, Z. Programu ikifuta namba ya kwanza pekee, kinachobaki ni E, T, Z. Kwa kuwa alama hizo husomwa mbilimbili kuanzia mwanzo, msomaji ataona bendera ya Ethiopia ikifuatwa na Z iliyobaki peke yake. Kosa la namna hii halivurugi sura ya maandishi tu, bali hubadili maana yake.

Lugha za programu hazikubaliani kuhusu hesabu hii. Kwa bendera hiyohiyo ya Kenya, Python hujibu 2 kwa kuhesabu namba za msimbo, JavaScript hujibu 4 kwa kuhesabu vipande vya uhifadhi vya biti 16, na Swift, iliyotolewa mwaka 2014, hujibu 1 kwa kuhesabu vishada. Swift ndiyo iliyo karibu zaidi na jicho la msomaji. Hata hivyo, ndiyo pia iliyolipa kishada jina la herufi moja kwa moja. Hapo ndipo hoja ya makala haya inapoanzia.

3.0 Mtumiaji Asiye na Tendo

Kiambatisho chenyewe ni cha tahadhari. Kinakiri kwamba kishada ni makadirio ya herufi inayotambuliwa na mtumiaji, na kwamba lugha fulani zinaweza kuhitaji marekebisho. Kinataja hata ch ya Kislovaki kuwa mfano wa jozi ambayo wasemaji huiona kuwa herufi moja ilhali kanuni za kawaida huiona kuwa mbili. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita mfano huo bila kuikumbuka ch ya chai. Katika tahajia sanifu, c haisimami peke yake isipokuwa katika majina ya kigeni na vifupisho. Ukiiondoa h, kilichobaki si herufi ya Kiswahili.

Udhaifu haupo katika tahadhari hiyo. Upo katika orodha ya matumizi ambayo kiambatisho kinaikabidhi dhana moja: kusogeza kielekezi, kuchagua maandishi, kuhesabu nafasi za herufi, kupanga maneno kwa alfabeti, na kuikuza herufi ya kwanza ya sura. Haya ni matendo tofauti, na hakuna sababu ya kiisimu ya kutarajia kwamba mpaka unaofaa kwa moja utafaa kwa yote. Mtumiaji wa kiambatisho ana macho, lakini hajapewa kazi ya kufanya.

Historia ya kanuni zenyewe inathibitisha kwamba macho hayo yanajengwa kwa makubaliano. Hadi mwaka 2022, muungano wa konsonanti za Kidevanagari unaosomwa ksha, yaani ka, alama ya kuondoa irabu, na sha, ulikuwa vishada viwili. Toleo la 15.1 la mwaka 2023 lilileta kanuni mpya kwa baadhi ya hati za India, na muungano huo ukawa kishada kimoja. Wasomaji wa Kihindi hawakubadilisha namna ya kuona kati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni uamuzi wa ni uoni upi uingizwe katika kanuni. Mabadiliko hayo yalistahili, na yanaonyesha kwamba mjadala uko wazi kwa lugha nyingine pia, Kiswahili kikiwamo.

4.0 Ushahidi wa Kiswahili kwa Hati za Kirumi

4.1 Ritifaa ya ng'

Katika tahajia sanifu, ritifaa ndiyo inayotenganisha ng'oa (toa kitu kilichojikita) na ngoa (wivu au tamaa). Kifonolojia alama hiyo si ya uakifishi. Ni sehemu ya herufi. Unicode haina habari hiyo. Kwake ng' ni vishada vitatu, na cha mwisho ni alama ya uakifishi.

Matokeo yake ni ya aina mbili. La kwanza linahusu ukataji. Programu inayokata kichwa cha habari baada ya idadi fulani ya vishada inaweza kukiuka mpaka kati ya g na ritifaa, na kanuni zikaiona kuwa imefanya kazi yake vizuri. Programu inayokuza herufi ya kwanza ya sura inayoanza na neno Ng'ambo itaikuza N na kuziacha g na ritifaa katika ukubwa wa kawaida.

La pili linahusu utambulisho. Ritifaa huandikwa kwa namba zaidi ya moja: ile iliyonyooka ya kibodi (U+0027), ile iliyopinda ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe (U+2019), na kwa nadra ile iliyokusudiwa kuwa herufi (U+02BC). Taratibu sanifu za Unicode za kusawazisha maandishi haziziunganishi. Mtafiti anayetafuta ng'ombe katika kongoo kwa ritifaa iliyonyooka hatayapata yaliyoandikwa kwa ritifaa iliyopinda, na orodha yake ya marudio itaonyesha maneno mawili mahali palipo na moja. Athari hufika hadi kwenye ujumbe mfupi wa simu. Ritifaa iliyonyooka imo katika seti ya msingi ya alama za simu, lakini iliyopinda haimo. Kwa kanuni za usimbaji huo, ritifaa moja iliyopinda inatosha kushusha kikomo cha ujumbe mmoja kutoka alama 160 hadi 70.

Je, haya yanatosha kudai kwamba ng' ifanywe kishada kimoja kila mahali? Ushahidi wa Kiswahili chenyewe unavuta pande mbili. Upande mmoja, waandishi wanaoandika Is-haka huweka kistari ili msomaji asiunganishe s na h kuwa sh. Hakuna ambaye angehitaji kinga hiyo kama jozi hizo hazingeonekana kuwa herufi moja. Upande wa pili, herufi kubwa huangukia alama ya kwanza pekee: huandikwa Chai na Ng'ombe. Linganisha na Kiholanzi, ambacho huzikuza alama zote mbili za IJ katika jina kama IJsselmeer. Isitoshe, mwandishi aliyekosea ritifaa hutaka kuifuta ritifaa hiyo tu, wala hangefurahi kuona kitufe cha kufuta kikiondoka na n na g. Kwa anayepanga alfabeti ng' ni moja. Kwa anayesahihisha ni tatu. Tofauti iko katika tendo.

Jirani wa Kiswahili analiweka jambo hili wazi zaidi. Tahajia sanifu ya Kiganda ina herufi ŋ kwa sauti hiyohiyo, na kwa Unicode ŋ ni namba moja na kishada kimoja. Msemaji wa lugha zote mbili hasikii sauti moja huku na tatu kule. Anachokutana nacho ni historia mbili za tahajia, na kanuni inayodai kuufuata utambuzi wake imefuata historia hizo.

4.2 Mizani

Mtumiaji mwingine wa herufi za Kiswahili ni mshairi. Tangu Amri Abedi achapishe Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, mjadala wa mizani umekuwa sehemu ya uhakiki wa ushairi wa Kiswahili, na silabi ndiyo kizio chake. Wazo la kuiachia kompyuta kazi ya kuhesabu mizani linavutia, hasa kwa wanaohariri diwani. Njia rahisi ni kuhesabu irabu, kwa kuwa silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu moja.

Vipande viwili vilivyotungwa kwa ajili ya uchambuzi huu vinaonyesha ugumu wa njia hiyo: Mtu mbaya hapendwi, na Nyumba mbaya haifai. Kila kimoja kina mizani minane. Cha kwanza ni m-tu-m-ba-ya-ha-pe-ndwi. Cha pili ni nyu-mba-mba-ya-ha-i-fa-i. Hata hivyo, cha kwanza kina irabu sita na cha pili kina nane. Tofauti inatokana na nazali zinazobeba silabi katika kipande cha kwanza.

Jambo la kuzingatia zaidi ni neno mbaya, ambalo limo katika vipande vyote viwili likiwa na herufi zilezile tano kwa mpangilio uleule. Katika cha kwanza lina silabi tatu, kwa sababu m ni kiambishi cha upatanisho wa ngeli ya kwanza na hubeba silabi. Katika cha pili lina silabi mbili, kwa sababu m ni nazali ya ngeli ya tisa iliyoungana na b. Mpaka haumo ndani ya mfuatano wa herufi. Umo katika upatanisho wa kisarufi kati ya kivumishi na nomino iliyokitangulia. Kwa hiyo hakuna kanuni inayotazama alama jirani tu, hata ikiboreshwa kiasi gani, inayoweza kuuona. Anayetaka kompyuta ihesabu mizani hana budi kwanza kuifundisha ngeli.

5.0 Ushahidi wa Hati za Kiarabu

Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya hati za Kirumi kuenea, na mswada wa Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 ni miongoni mwa mifano ya kale inayojulikana zaidi. Katika hati hizi, konsonanti huandikwa kwa herufi na irabu kwa haraka inayowekwa juu au chini yake. Unicode huichukulia haraka kuwa alama inayoambatana, hivyo konsonanti na haraka yake ni kishada kimoja.

Kinachotokea hapa hakikukusudiwa na waandishi wa kanuni. Neno kitabu likiandikwa kwa kaf yenye kasra, ta yenye fataha na ba yenye dhuma, lina namba sita za msimbo na vishada vitatu. Silabi zake pia ni tatu. Kishada ambacho katika hati za Kirumi kiko mbali na mizani, katika hati za Kiarabu kinakaribiana nayo. Ulinganifu huo si kamili. Mwandishi akiongeza alifu baada ya ta kuonyesha irabu ndefu, vishada huwa vinne huku silabi zikibaki tatu. Aidha, katika miswada ya zamani nazali inayotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa. Hata hivyo, inatosha kuonyesha kwamba kanuni moja, kwa lugha moja na neno moja, hutoa vizio vya ngazi tofauti za kiisimu kulingana na hati iliyotumika. Majibu yote mawili hayawezi kuwa herufi kama inavyotambuliwa na msemaji wa Kiswahili, ilhali msemaji ni yuleyule.

Hoja hii hupata uzito zaidi kwa mhariri wa miswada. Katika uandishi wa kimapokeo, kasra iliwakilisha i na e, na dhuma iliwakilisha u na o. Kazi kubwa ya mhariri ni kuamua haraka moja moja: ipi iliyoandikwa, ipi iliyofutika, ipi iliyokosewa na mnakili. Akiwa katika kazi hiyo, haraka ni kizio kamili machoni pake, na programu inayomlazimisha kufuta konsonanti nzima ili arekebishe haraka inamzuia. Jioni, anapousoma ubeti huohuo ili apime mizani, konsonanti na haraka ni kitu kimoja. Mtu ni mmoja, mswada ni mmoja, na mipaka ni miwili.

6.0 Kuelekea Tabaka Tatu

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba kiambatisho hakikuahidi kuwa sarufi ya kila lugha, na kwamba kinaruhusu marekebisho. Ni kweli. Lakini ruhusa ambayo haijatumiwa haimsaidii yeyote, na mwandishi wa programu anayekutana na aina ya data inayoitwa herufi hana kidokezo kwamba kuna marekebisho yanayomsubiri. Jina limefunga mjadala ambao kiambatisho kiliuacha wazi.

Mapendekezo ya makala haya ni ya kiasi. Tabaka la kwanza, la uhariri, liachwe kwa vishada vya Unicode kama vilivyo, na liitwe kwa jina lake. Kudai namba mpya ya msimbo kwa ng' kungeongeza mwandiko wa nne kwa kile ambacho tayari kina miandiko mitatu. Tabaka la pili, la tahajia, ni kazi ya wanaisimu wa Kiswahili. Linahitaji orodha iliyokubaliwa ya jozi kama ch, dh, gh, ny, sh na th, pamoja na kanuni ya ng'. Kanuni hiyo si ngumu. Katika maneno ya Kiswahili, ng' hufuatwa na irabu au kiyeyusho. Kwa hiyo ritifaa inayofuatwa na nafasi, kama katika jina 'Hong Kong' lililowekwa ndani ya alama za kunukuu, haitachukuliwa kuwa sehemu ya herufi. Tabaka hili ndilo litumike katika kupanga vidahizo, kukata vichwa vya habari na kuhesabu herufi katika mazoezi ya shule, huku ritifaa zote zikisawazishwa kabla ya utafutaji. Tabaka la tatu, la silabi, lijengwe juu ya uchanganuzi wa mofolojia, na lisikabidhiwe kwa kanuni za alama.

7.0 Hitimisho

Kiambatisho Namba 29 kimeziokoa programu nyingi na kosa la kuhesabu namba na kuziita herufi. Kosa linalobaki ni la kuhesabu vishada na kuviita utambuzi wa mtumiaji. Kiswahili, kwa kuwa na hati mbili, tahajia yenye jozi na ushairi wenye kipimo kikali, kinaidhihirisha tofauti hiyo kwa uwazi ambao lugha yenye mapokeo moja ya uandishi isingeutoa kwa urahisi. Kanuni ya ng' inaweza kuandikwa kwa sentensi moja, na imeandikwa hapo juu. Ya mbaya haiwezi kuandikwa bila ngeli. Kati ya hizo mbili ndimo ulimo mpaka kati ya kazi ya mhandisi na kazi ya mwanaisimu, nao haujachorwa bado.